Bei ya Kitabuni na Bei ya Mezani

Wiki iliyopita mzee mmoja alinijia hapa Mtaa wa Biashara na sarafu tatu za senti kumi za Afrika Mashariki za mwaka 1936, zile zenye tundu na jina la Mfalme Edward wa Nane, huku simuni akiwa na picha ya ukurasa wa kitabu cha mwongozo wa bei za sarafu. Alikuwa amesikia kwamba sarafu za mfalme huyo ni adimu mno. Hilo ni kweli kwa sarafu za Uingereza zenye sura yake, kwa sababu aliacha kiti cha enzi Desemba 1936 kabla hazijatolewa kwa matumizi. Lakini hizi zetu hazikuhitaji sura, zikatengenezwa kwa wingi, na mpaka leo zinapatikana kwa urahisi. Mwongozo wake haukudanganya. Mzee alikuwa amesoma safu ya mwisho, inayohusu sarafu ambayo haijawahi kutumika, ilhali zake zimesagika kwa kupita mikononi.

Nionavyo mimi, bei nyingi hukosewa kwenye kupima hali ya sarafu kuliko kwenye kitabu. Hali hupimwa kwa alama 1 hadi 70, na huko juu tofauti ya alama chache inaweza kuzidisha bei maradufu. Tena mwongozo huchukulia kwamba sarafu haijasafishwa. Huniuma sana kupokea shilingi ya Afrika Mashariki yenye picha ya simba iliyosuguliwa kwa limau na majivu ili ing'ae, kwa maana mng'ao wake wa asili haurudi tena, na hakuna safu ya kitabu inayoihusu.

Shilingi hizo za kati ya 1921 na 1946 robo ya uzito wake ni madini ya fedha, yaani takriban gramu 1.9 katika kila moja. Kwa hiyo hata iliyochakaa kabisa ina thamani ya madini yake, nayo hupanda na kushuka kila siku wakati kitabu kilichochapishwa kimetulia rafuni.

Mwongozo hudhoofika zaidi pale mauzo yanapokuwa machache. Chukua rupia ya Mombasa ya 1888, iliyotolewa na Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki: iliyo katika hali bora kabisa haionekani mnadani mara kwa mara, kwa hiyo mtunzi wa kitabu hulazimika kukadiria kwa kutazama daraja zilizo chini yake, kisha makadirio hayo huchapwa kwa wino uleule wa bei zilizothibitishwa na mauzo mengi. Ndiyo maana mwongozo nautumia kwanza kujua mwaka upi na alama ipi ya kiwanda kilichotengeneza sarafu ni adimu kuliko nyingine, jambo ambalo kwa kawaida unalieleza vizuri, kisha natafuta bei ambazo wanunuzi wamelipa kweli minadani, si zile ambazo wauzaji wanaomba, na kutoka hapo naondoa ada ya mnada na gharama ya kusafirisha kutoka Nairobi.

Mzee nilimwonyesha mauzo ya namna hiyo ya senti kumi za 1936 zilizochakaa kama zake. Alizitazama kwa makini, akaamua kubaki nazo.