Kiongezi cha asili katika chakula cha samaki ni nini?

Pumba za mahindi, mashudu ya alizeti na dagaa wa kusaga ni chakula cha samaki. Kitunguu saumu kidogo kinachopondwa na kutiwa humo si chakula, ni kiongezi. Chakula humshibisha sato na kumjenga mwili. Kiongezi hutiwa gramu chache tu kwa kila kilo, ili samaki akitumie vizuri kile alichokula, au awe na kinga magonjwa yanapobisha hodi. Huitwa cha asili kwa sababu kimetokana na mmea, hamira au bakteria wenye faida.

Dhana hii imepata nguvu kwa sababu ya antibayotiki. Kwa miaka mingi wafugaji wa nchi nyingi walizichanganya kwenye chakula ili mifugo ikue haraka, hata isipoumwa. Vimelea vikazoea dawa. Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku matumizi hayo ya kukuzia kuanzia Januari 2006, na watafiti wakageukia vitu ambavyo bibi zetu wamekuwa navyo jikoni siku zote.

Kitunguu saumu ndicho maarufu zaidi, na ndicho watu wengi wanachokiharibu. Kikiwa kizima hakina ile nguvu. Punje ikipondwa, kimeng'enya kilichomo hukutana na kemikali iliyokuwa imetengwa nacho, ikazaliwa alisini, yenye harufu kali na uwezo wa kuzuia bakteria. Moto huua kimeng'enya hicho. Kwa hiyo anayekitupa kwenye sufuria ya uji wa pumba unaochemka anapata harufu tu. Ponda, acha kama dakika kumi, changanya na mafuta kidogo ya alizeti, kisha paka kwenye tembe za chakula zilizokwisha kukauka. Kwa alizeti, Dodoma na Singida hatuna cha kulalamikia.

Hamira, ile ile ya maandazi, nayo imo. Kuta za seli zake zina sukari ambazo huamsha kinga ya samaki na kuwanasa baadhi ya bakteria wabaya utumboni. Bakteria wenye faida hufanya kazi tofauti: hukaa utumboni, hushindana na wabaya na kusaidia mmeng'enyo. Hao lazima wafike wakiwa hai, na joto huwaua wengi wao, isipokuwa mbegu za Bacillus, jamii mojawapo ya bakteria hao, ambazo huvumilia joto kuliko wenzake.

Mlonge unanipa shida kuuweka kwenye kundi. Majani yake makavu yana protini inayokaribia robo ya uzito, kwa hiyo kwa kiasi kikubwa ni chakula. Kwa kiasi kidogo ni kiongezi. Lakini yana pia saponini na tanini, kemikali chungu za mmea, na ukizidisha, samaki hula kwa kusitasita na ukuaji hushuka. Yakaushie kivulini, maana jua letu la Dodoma hula vitamini.

Sasa neno la wasiwasi. Kwetu maji ni ya kununua au ya kisima, bwawa limetandikwa turubai, na mfugaji huona uchungu kuyabadilisha. Mabaki ya chakula yakioza chini, amonia hupanda, samaki huja juu kutafuta hewa alfajiri. Hapo kitunguu hakisaidii kitu. Punguza chakula, badilisha maji. Vivyo hivyo Juni na Julai, usiku unapokuwa wa baridi, sato hula kidogo kwa sababu ya baridi tu, si kwa kukosa kiongezi.

Anayetaka kujua kama kiongezi kinamfaa agawe samaki wa umri mmoja kwenye vizimba viwili, chakula kile kile, kimoja na kiongezi, kingine bila. Kila baada ya wiki mbili apime samaki thelathini kutoka kila upande na kuandika uzito wa chakula walichokula. Upande uliotumia chakula kichache kwa kila kilo ya samaki iliyoongezeka ndio wenye jibu, na bei ya kitunguu nayo aiweke kwenye hesabu.