Kuvu za miti ya mikoko na jenasi ya Halosarpheia

Kipande cha mkoko uliokufa, kikiokotwa kwenye matope ya Ghuba ya Chwaka, Unguja, na kuwekwa kwa wiki kadhaa ndani ya chombo chenye unyevu, aghalabu huota vidoa vyeusi visivyofika milimita moja. Kila kidoa ni kijungu kilichozama ndani ya mti na kuacha shingo yake tu nje, na humo ndimo kuvu inamotunza spora zake, yaani chembe ndogo za kuzaliana. Kuvu hizi huulainisha mti kidogo kidogo na kurudisha virutubisho vyake kwenye matope wanamoishi kaa na kamba. Kwa hiyo kuzitambua ni sehemu ya kuujua msitu wenyewe.

Mojawapo ya jenasi za kuvu hizi, yaani makundi ya spishi zenye undugu, ni Halosarpheia, iliyotangazwa mwaka 1977 na Jan Kohlmeyer na Erika Kohlmeyer. Alama yake hupendeza mno chini ya hadubini: spora haina rangi, ina seli mbili, na katika kila ncha imejikunja kamba laini iliyobanana na ukuta wake. Ikitiwa kwenye tone la maji, kamba hiyo huanza kujikunjua, ikawa uzi mwembamba unaoweza kuzidi urefu wa spora mara nyingi. Uzi huo huisaidia spora kunasa kwenye mti mwingine kabla maji hayajaichukua.

Kwa muda mrefu, kuvu nyingi zenye uzi wa namna hiyo ziliingizwa humo, hata baadhi ya zile za maji baridi. Ulinganisho wa jeni za ribosomu (viundaji vya protini ndani ya seli) uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba nyingi kati yake hazina undugu wa karibu. Zikaundwa jenasi nyingine, zikiwamo Natantispora na Saagaromyces, na jina la Halosarpheia likabaki kwa Halosarpheia fibrosa, spishi ya mikoko iliyo kielelezo cha jenasi, yaani ile ambayo jina la jenasi limefungwa kwayo, kwa sababu kanuni za kutoa majina zinataka jina lifuate kielelezo chake.

Naamini uamuzi huo ulikuwa wa haki, ingawa umetuongezea kazi sisi tunaozitambua kuvu hizi. Kipande cha mti kutoka Chwaka au Micheweni, Pemba, kikionyesha spora zenye uzi unaojikunjua, hatuandiki jina la jenasi papo hapo, bali tunachunguza kwanza ukuta wa kijungu, shingo na vifuko vinavyobeba spora, kisha tunalinganisha vinasaba.