Vali za mrija wa mkojo: mtoto amezibuliwa, kisha?

Anayeishi kwenye miteremko ya Kadutu, hapa Bukavu, anajua kinachotokea mfereji ukijaa takataka. Mvua ikinyesha, maji yanakosa njia, yanajaa nyuma, yanaingia kwenye msingi wa nyumba na ukuta unapasuka. Kesho yake vijana wanazibua mfereji, maji yanapita. Lakini ufa wa ukutani bado upo.

Ndivyo zilivyo vali za mrija wa mkojo. Ni vikunjo vya utando mwembamba vinavyojitokeza ndani ya mrija, chini kidogo ya kibofu, mtoto wa kiume akiwa bado tumboni mwa mama yake. Mkojo ukitaka kutoka, vikunjo vinafura kama tanga na kuziba njia. Huwapata wavulana tu, mmoja hivi kati ya 5,000 hadi 8,000 wanaozaliwa. Mama hakukosea kitu, wala hakuna aliyemroga mtoto.

Kuzibua kwenyewe kunajulikana vizuri: kwanza sonda, yaani mpira mwembamba unaoingizwa hadi kwenye kibofu, ili mkojo utoke, kisha daktari anapitisha kifaa chembamba chenye kamera na kukata vile vikunjo. Pasipo na kifaa kinachomfaa mtoto mchanga, anafungua tundu la muda chini ya kitovu, mkojo unatokea hapo. Mtoto akianza kukojoa, nyumba nzima inashukuru, na shangazi anasema, "Mama, tumushukuru Mungu, amepona." Shukrani ni ya haki. Neno "amepona" ndilo linaloniogopesha, kwa sababu baada yake watu wengi hawarudi tena hospitalini.

Kibofu kile kilisukuma dhidi ya kizuizi kwa miezi, tangu kabla ya kuzaliwa. Ukuta wake umekuwa mnene na mgumu, hautanuki vizuri. Kwa wengine, miaka ikipita, kinachoka, kinakuwa kikubwa na hakimalizi mkojo. Figo nazo ziliumbika chini ya mgandamizo, na sehemu iliyoumbika vibaya haitengenezwi na operesheni yoyote. Ndiyo maana madaktari huangalia kreatinini ya damu, yaani taka ambayo figo hupaswa kuitoa, katika mwaka wa kwanza: ikishuka chini ya 0.8 mg kwa desilita, kuna matumaini mazuri. Ikibaki juu ya 1, figo zina mzigo.

Kuna jambo moja ambalo wazazi hulisoma vibaya. Figo hizi mara nyingi hushindwa kuubana mkojo uwe mzito, basi mtoto anakojoa maji mengi mchana na usiku. Ana miaka saba, minane, bado analowesha kitanda. Anachekwa, anachapwa, ananyimwa maji kuanzia jioni. Jamani, tusimchape. Si uvivu. Tena kumnyima maji ni hatari, maana figo zitaendelea kuyatoa hata mwili ukikauka. Anachohitaji ni kukojoa kwa saa zilizopangwa, hata kama hajabanwa, na akimaliza angoje kidogo ajaribu tena. Wengine hupewa dawa za kulegeza kibofu, au sonda ya usiku ili kisikae kimejaa hadi asubuhi.

Kipindi kigumu kingine ni kubalehe. Mwili unakua haraka, figo zilizotosha kwa mtoto hazimtoshi kijana. Mmoja hivi kati ya watano hufikia figo kushindwa kabisa, wengi wakiwa vijana, na hapo linakuja swali la dialize, yaani kusafishwa damu kwa mashine, ambayo kwa familia nyingi za kwetu ni mzigo usiobebeka. Kwa hiyo kijana aliyezaliwa na vali, hata akicheza mpira vizuri kila jioni, apimwe tansio (presha ya damu), kreatinini, protini kwenye mkojo na urefu wake angalau kila mwaka, na ekografi (picha ya figo na kibofu) daktari akiitaka. Homa bila mafua wala malaria, mkojo upimwe siku hiyohiyo. Akifika miaka kumi na tano, ajue mwenyewe jina la ugonjwa wake na mwaka aliofanyiwa operesheni, kwa sababu daktari wa watu wazima atamuuliza.

Na hata akibahatika kupandikizwa figo nyingine, ile figo mpya itamwaga mkojo kwenye kibofu kilekile cha zamani. Ndiyo sababu madaktari hupima kibofu kwanza, kabla ya kumgusa.