Haki si "sawa"

Juzi nimelisikia tena neno haki, mara hii kwa mzazi aliyekuwa akijitetea mbele ya wanawe: "Mimi hapa natenda haki. Nikimpa huyu, nampa na yule." Wiki haijaisha, mume mmoja akamnukulia mkewe Paulo: "Biblia imesema nipewe haki yangu." Wote wawili ni waumini, na sina shaka kwamba kila mmoja alisema kwa moyo safi. Lakini haki waliyoitaja siyo ile iliyoandikwa.

Maana yake kwa kifupi: haki ni kumpa mtu kilicho chake, kwa jinsi alivyo kwako na mbele za Mungu. Ni hivyo tu. Kinachotusumbua ni neno lenyewe, kwa kuwa tumelizoea mno hata hatulitazami.

Haki limetoka katika Kiarabu, haqq: jambo la kweli, lililothibiti, na pia stahiki ya mtu, yaani kile ambacho ni chake hata kama bado kimo mikononi mwako. Sawa nalo ni la Kiarabu, ila limetoka katika shina jingine, lenye maana ya kulingana. Ukitaka kujua kama vitu ni sawa, lazima uviweke viwili kando kwa kando. Ukitaka kujua haki, unamtazama mtu mmoja na kuuliza anastahili nini kwako. Nadhani usemi "haki sawa" ndio uliotuchanganya. Ni usemi mzuri, na una mahali pake, hasa mbele ya sheria. Lakini usikilize vizuri: kama haki peke yake ingekuwa na maana ya sawa, tungeongeza neno la pili la nini?

Kiebrania kina neno la ukoo huohuo, hoq. Asili yake ni kuchonga, kama amri inavyochongwa kwenye jiwe, na mara nyingi humaanisha amri. Lakini pia humaanisha fungu alilokadiriwa mtu. Katika Mithali 30:8 mwombaji anasema, "Unilishe chakula kilicho kadiri yangu," na hiyo "kadiri yangu" kwa Kiebrania ni hoq yake. Hakuomba sahani yake ilingane na ya jirani. Aliomba fungu linalomfaa yeye.

Ndiyo maana mzazi mwenye mtoto anayesoma bila shida, na mwingine ambaye herufi zinamchanganya, akiketi na kila mmoja nusu saa kamili, atakuwa amegawa muda sawa, na huyu wa pili bado anadai. Watoto wenyewe huelewa haraka kuliko tunavyofikiri, wakielezwa.

Najua neno hili linaweza kuwa maficho ya upendeleo: "Kila mtoto na fungu lake," kisha mtoto apendwaye na baba anachukua vyote. Torati ililiona hilo. Kumbukumbu la Torati 21:15-17 yamzungumzia mwanamume mwenye wake wawili, mmoja ampendaye na mwingine asiyempenda, na mzaliwa wa kwanza ni wa yule asiyependwa. Sheria haikumwamuru baba agawe sawasawa. Mzaliwa wa kwanza alikuwa na mafungu mawili. Ilimkataza kuliondoa fungu la mtu na kulipeleka kule moyo wake unakopenda. Yakobo aliufuata moyo wake, akamshonea Yusufu kanzu, na tunajua ndugu zake walimfanyia nini.

Sasa turudi kwa yule mume. Andiko ni 1 Wakorintho 7:3: "Mume na ampe mkewe haki yake, na vivyo hivyo mke na ampe mumewe haki yake." Neno la Kigiriki lililo nyuma ya "haki" hapo ni opheilē, deni. Ndilo linalotumika katika Mathayo 18:32, pale bwana anapomwambia mtumwa kwamba alimsamehe deni lote. Na tazama kitenzi: ampe. Paulo anazungumza na mdaiwa. Mume anaambiwa anachodaiwa, kisha mke anaambiwa anachodaiwa, wala hakuna kati yao aliyekabidhiwa daftari la madeni ya mwenzake. Mtu akilishika andiko hili na kulielekeza kwa mwenzi wake, amesoma mstari ambao haukuandikiwa yeye.

Sisemi aliyedhulumiwa anyamaze. Binti za Selofehadi walisimama mbele ya Musa na kusanyiko lote wakaomba milki ya baba yao, aliyekufa bila mwana wa kiume, na Mungu akasema wamenena lililo haki (Hesabu 27). Mtu akinyimwa kilicho chake, kukitaka si uasi wala ukosefu wa upendo. Lakini hata hapo, mzigo ulikuwa kwa wenye kugawa.

Andiko linalonigusa zaidi ni Mwanzo 38. Yuda, mkuu wa nyumba, amekwisha kutoa hukumu kwamba Tamari mkwewe, mjane wa wanawe, ateketezwe kwa kuwa ana mimba ya uzinzi. Kisha analetewa vitu vyake mwenyewe, mhuri, kamba na fimbo, alivyomwachia Tamari alipolala naye bila kumtambua. Anasema, "Yeye ni mwenye haki kuliko mimi," na sababu anayotoa ni kwamba hakumpa Shela, mwanawe, awe mumewe kama alivyoahidi. Hakuanza kupima dhambi ya nani ni kubwa. Aliona kitu ambacho alipaswa kutoa, naye alikuwa amekizuia.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukigawa vitu sawasawa, sema umegawa sawasawa. Ni jambo jema na halina haja ya jina kubwa zaidi. Ukitaka kusema haki, anza na jina la mtu wa nyumbani mwako, kisha taja kilicho chake ambacho bado unacho.