Simu ya Kwanza: Namna ya Kumpokea Mteja Mpya Katika Kliniki ya Ushauri Nasaha

Anayepiga simu kliniki ya ushauri nasaha kwa mara ya kwanza huenda ameitunza namba hiyo wiki nzima akijishauri. Akiambiwa "subiri kidogo" kisha simu ikatike, anaweza asipige tena. Kwa hiyo tunawaomba wenye kliniki wa jijini Dar es Salaam waache kuyaona mapokezi kama kazi ya kujaza karatasi. Tiba inaanzia pale, na karani anayepokea simu ndiye anayeianza.

Awepo mtu mmoja aliyepangiwa simu za wateja wapya kwa saa zinazojulikana, na simu zisizopokelewa zirudishwe siku hiyohiyo. Wapo wanaobipu, na wapo wanaotuma WhatsApp neno moja tu, "Habari". Huyo usimrushie fomu ya maswali ishirini. Muulize ni saa ngapi anaweza kuongea akiwa peke yake, umpigie.

Dakika 10 hadi 15 zinatosha. Anza kwa kuhakikisha yuko mahali pa kuongea, maana aliye ndani ya daladala atakujibu "ndiyo" na "hapana" tu. Chukua jina analopenda kuitwa, umri, mtaa anaoishi, na kilichomfanya apige leo. Hicho cha mwisho kiandikwe kwa maneno yake mwenyewe. Ni nadra mtu kusema "nina sonona". Atasema mawazo yamezidi, moyo unakwenda mbio, usingizi hauji, kichwa kinawaka moto. Karani akiyabadilisha maneno hayo kuwa jina la ugonjwa, mshauri anapokea hukumu badala ya maelezo. Wala karani asichimbe. Aliyebakwa au anayepigwa nyumbani asilazimishwe kusimulia kwa simu yote atakayoyarudia chumbani. Inatosha kujua kama usiku wa leo ana mahali salama na kama ana jeraha linalohitaji hospitali, kisha aelekezwe pia Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi.

Swali linalosahaulika sana ni hili: "Tukikupigia, akipokea mtu mwingine, tujitambulisheje?" Simu hupokewa na mume, dada, hata mwenye duka alikoiacha ichajiwe. Kliniki inayotaja jina lake kwa yeyote atakayepokea inaweza kumletea mteja kipigo au fedheha. Andika jibu lake juu kabisa ya faili. Ujumbe wa kumkumbusha nao uwe mkavu: "Kumbusho la miadi yako kesho Jumatano saa 4 asubuhi." Usitaje ushauri wala jina la mshauri. Saa iandikwe Kiswahili, pamoja na neno asubuhi au jioni. Programu za miadi huandika 10:00, mteja akasoma saa kumi, akafika jioni wakati aliyekuwa akimsubiri ameshaondoka. Kisha anaandikwa kwamba hakuhudhuria, wakati kosa ni letu.

Suala la kujidhuru liulizwe kwa kila mteja, kwa sauti ileile uliyoulizia umri: "Mtu akielemewa hivi, wakati mwingine huwaza kufa au kujidhuru. Wewe mawazo hayo yamekujia siku hizi?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo, na wengi hupata ahueni kwa kuulizwa. Akijibu ndiyo, usikate simu wala usimpangie wiki ijayo. Mshauri wa zamu achukue simu papo hapo, aulize yuko wapi, yuko na nani, na kama ana vidonge au sumu ya panya karibu. Aliye naye aviondoe, kisha amsindikize hospitali iliyo karibu yenye huduma ya dharura, kama Muhimbili, Amana, Mwananyamala au Temeke. Kliniki zinazotumia PHQ-9, dodoso la kupima dalili za sonona, zisitazame jumla pekee. Maswali yake 9 hutoa alama 0 hadi 27, na alama 10 kwenda juu humaanisha uchunguzi zaidi unahitajika. Lakini swali la 9, linalohusu kujidhuru, likipata hata alama 1, mteja azungumze na mshauri siku hiyohiyo, jumla iwe ngapi.

Uliza pia dawa anazotumia, pombe, kifafa, na kama amejifungua karibuni. Uliza bila dharau kama amekwenda kwa mganga au kwenye maombi, kwa sababu wapo walioacha dawa za kifafa au za akili baada ya kuambiwa wamepona. Aliyechanganyikiwa ghafla huku ana homa apelekwe hospitali kwanza, apimwe malaria na mengine. Ushauri nasaha hautibu malaria iliyopanda kichwani.

Anayepiga mara nyingi si mgonjwa. Ni mama, kaka, au bosi. Mtu mzima aridhie mwenyewe, na ndugu akipiga baadaye kuulizia, usithibitishe hata kwamba jina hilo mnalifahamu. Kwa aliye chini ya miaka 18, jua mapema ni mzazi au mlezi yupi ana haki ya kuridhia, hasa pale wazazi walipotengana. Wanandoa waulizwe kila mmoja peke yake kabla ya kuketishwa pamoja, kwani penye kipigo, yanayosemwa mbele ya mshauri hulipiziwa nyumbani.

Bei, muda wa kikao na bima mnazopokea zisemwe kwenye simu hiyohiyo.

Sasa kauntabuku la mapokezi. Lipo wazi mezani, kalamu imefungwa kwa uzi, na anayesaini mstari wa kumi na moja anasoma majina kumi ya juu yake, namba za simu, na safu iliyoandikwa "tatizo". Liondoeni leo. Kila mteja apewe karatasi yake au namba ya faili, na maelezo yake yasipitie kundi la WhatsApp la wafanyakazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kati ya taarifa nyeti. Ridhaa iwe ya maandishi, isomwe kwa Kiswahili kinachoeleweka kabla ya kusainiwa.

Nafasi zikijaa, usimwambie mteja "tutakupigia". Mpe tarehe, na ikizidi wiki mbili mtajie sehemu nyingine anakoweza kwenda. Wanaosubiri wapigiwe kila wiki, na swali la kujidhuru liulizwe upya kila mara, kwa kuwa jibu la Jumatatu iliyopita halisemi lolote kuhusu leo.