Kuamini Miujiza Bila Kutupa Dawa: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Ninaamini kwamba Mungu hutenda miujiza hata leo. Nalisema hilo mwanzoni kwa sababu hapa Busia, mji wetu ulio mpakani mwa Uganda na Kenya, mtu anayehoji yanayotangazwa kwenye makesha ya maombi hudhaniwa upesi kuwa ameikana imani, ilhali mimi ni mzee wa kanisa na nimewaombea wagonjwa kwa miaka mingi. Ninayoyapinga ni mafundisho yaliyojishikiza kwenye miujiza bila kuungwa mkono na Maandiko. Baadhi yanawamalizia watu fedha, na mengine yanawatia kaburini. Nimeyaandika kama yanavyosemwa mitaani kwetu.

Dhana: Mwenye imani ya kweli haendi hospitali

Ukweli: Wanaofundisha hivi hupenda kumtaja Mfalme Asa, ambaye katika ugonjwa wake "hakumtafuta Bwana, bali waganga" (2 Nyakati 16:12). Lawama iliyo katika aya hiyo ni ya kumwacha Mungu, wala haisemi kwamba kutibiwa ni dhambi. Mfalme mwingine, Hezekia, alikuwa tayari ameahidiwa na Mungu kuongezewa miaka kumi na mitano, na bado nabii Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Paulo, ambaye kwa mikono yake wagonjwa wengi walipona, alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yaliyompata mara kwa mara. Katika barua nyingine anaandika kwa maneno machache kwamba Trofimo alimwacha Mileto, "hawezi". Sisi tuliozoea Kiswahili cha wazee tunajua kwamba hawezi maana yake ni mgonjwa. Mtume alikuwa na mwenzake mgonjwa, akalazimika kuendelea na safari bila yeye, na hakuona aibu kuliandika jambo hilo wala hakumlaumu Trofimo kwa lolote.

Historia ya Uganda inasema vivyo hivyo. Daktari Albert Cook, mmisionari wa Kianglikana, alianzisha Hospitali ya Mengo, Kampala, mwaka 1897. Masista Weupe, watawa wa Kikatoliki, walianza kutibu wagonjwa Lubaga mwaka 1899, na Nsambya ikafuata mwaka 1903 kwa juhudi za Mama Kevin na masista wenzake Wafransisko. Watu hao waliomba na kutibu katika chumba kimoja. Anayetuambia kwamba hospitali ni ya wasioamini anasahau ni nani waliozijenga.

Dhana hii inaniumiza zaidi inapomhusu mtoto mwenye degedege. Malaria kali inaweza kumwua mtoto mdogo ndani ya siku moja au mbili, na degedege pamoja na kupoteza fahamu ni dalili kwamba ugonjwa umefika pabaya. Mtoto wa namna hiyo akipelekwa kwanza kukemewa pepo hadi usiku wa manane, saa zinazopotea ni zile zile ambazo sindano ya atesuneti, dawa ya malaria kali, ingeweza kumwokoa. Mama na aombe akiwa juu ya bodaboda, mtoto akiwa kifuani, huku akikimbilia kituo cha afya. Mungu anasikia njiani kama anavyosikia kanisani.

Dhana: Vipimo vinasema virusi havionekani, basi Mungu ameniponya UKIMWI na naweza kuacha dawa

Ukweli: Hapa sharti niende polepole, kwa kuwa anayekosea mara nyingi si mwongo. Mtu anayemeza dawa za ARV kila siku bila kuruka, baada ya miezi kadhaa hupimwa wingi wa virusi katika damu, na mhudumu humwambia kwa furaha kwamba havionekani. Yeye anayapeleka maneno hayo kanisani kama alivyoyasikia, akanyanyua mikono, na watu wakapiga vigelegele. Ni kweli kwamba habari ni njema. Lakini maana yake ni kwamba dawa imevikandamiza virusi hadi vimekuwa vichache mno kwa kipimo kuvikamata, na pia kwamba mtu huyo, akiendelea na dawa, hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya ngono. Virusi vingine vimejificha ndani ya chembe za mwili, ambako dawa haiviondoi. Dawa ikiachwa, kwa watu walio wengi vinarudi kwenye damu katika muda wa majuma machache, na vikirudi huanza tena kuivunja kinga ya mwili.

Nina jirani aliyetoa ushuhuda wa namna hiyo katika kanisa moja ambalo sitalitaja, akawapa wazee wa kanisa hilo makopo ya dawa zake mbele ya watu. Miezi michache baadaye alikuwa amelazwa kwa kifua kikuu. Alirudi kwenye dawa, akapata nafuu, na anaishi. Lakini hadi leo anasema kwamba aibu ya kurudi kliniki ilimtesa kuliko homa. Ningetamani mchungaji aliyempokea makopo yale angemwuliza swali moja tu: daktari wako amekwambia uache?

Kwa mama anayenyonyesha, hatari ni ya watu wawili. Mwaka 1999 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika Hospitali ya Mulago, Kampala, yaliyoonyesha kwamba dozi moja ya nevirapini, mojawapo ya dawa za ARV, kwa mama wakati wa uchungu, na moja kwa mtoto baada ya kuzaliwa, ilipunguza maambukizi kwa karibu nusu ikilinganishwa na dawa nyingine iliyotolewa kwa muda mfupi. Siku hizi mama hupewa dawa za kila siku kwa maisha yake yote, na watoto wengi mno huzaliwa na kukua bila virusi. Mimi sioni vigumu kumshukuru Mungu kwa jambo hilo, tena kwa sauti kubwa, na kumhimiza mama huyo huyo ameze kidonge chake jioni.

Dhana: Hukupona kwa sababu imani yako ni haba

Ukweli: Sijui neno jingine linalomjeruhi mgonjwa kama hili. Anakuja na maumivu, anaondoka na maumivu yale yale pamoja na hatia juu yake. Injili zenyewe haziweki kanuni kwamba kila uponyaji hulipwa kwa kipimo cha imani ya mgonjwa. Yule mwenye kupooza aliyeshushwa kupitia darini aliponywa baada ya Yesu kuiona imani ya wale waliombeba. Yule aliyelala kando ya birika la Bethzatha kwa miaka thelathini na minane hakujua hata ni nani aliyemponya. Na baba wa kijana mwenye pepo alilia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mtoto wake akapona. Ni kweli kwamba Yesu aliwaambia baadhi ya watu kuwa imani yao imewaponya, na mahali pengine aliwakemea wanafunzi kwa upungufu wa imani yao. Tazama, hata hivyo, ni nani waliokemewa: ni wanafunzi walioshindwa kumponya, si yule mtoto aliyekuwa akigaagaa. Sijawahi kuona mhubiri wa siku hizi akishika kipaza sauti na kusema kwamba mgonjwa hakupona kwa sababu imani ya mhubiri ni haba.

Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba wa mwilini. Jibu alilolipata ni, "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu." Mwiba ulibaki.

Dhana: Anayemtegemea Mungu hafikwi na baya

Ukweli: Dhana hii ingepaswa kuwa ngumu kuuzwa katika nchi yenye Namugongo. Tarehe 3 Juni 1886, Karoli Lwanga na wenzake, Wakatoliki na Waanglikana, walichomwa moto pale kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, na hakuna mvua iliyoshuka kuuzima moto ule. Kila mwaka, tarehe hiyo, mahujaji hujaa Namugongo, wengine wakiwa wametembea kwa siku nyingi kutoka pembe za nchi na ng'ambo ya mipaka. Wanaenda kuomba watoto, kazi na afya mahali ambapo wenye imani kubwa hawakuokolewa na kifo. Siwacheki hata kidogo. Nadhani miguu yao inaelewa jambo ambalo mahubiri mengi hayalielewi. Februari 1977, mwaka ambao Kanisa la Uganda lilikuwa likijiandaa kuadhimisha miaka 100 tangu wamisionari wa kwanza wa Kianglikana wafike, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin baada ya kupinga ukatili wa serikali. Nani kati yetu atathubutu kusema kwamba hakuomba vizuri? Vijana watatu wa Babeli walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wakaongeza, "Bali kama si hivyo," hawataiabudu sanamu yake. Waliyasema hayo kabla ya kutupwa motoni, bila kujua mwisho wake.

Dhana: Panda mbegu ya fedha ili muujiza wako ufunguliwe

Ukweli: Elisha alikataa zawadi za Naamani, na Gehazi mtumishi wake aliyezikimbilia akapata ukoma. Simoni mchawi alipotaka kununua kipawa kwa fedha, Petro alimjibu, "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe." Yesu alipowatuma wanafunzi kuponya aliwaambia, "Mmepata bure, toeni bure." Sadaka ni jambo jema, na watumishi wanahitaji kula, lakini maombi yenye bei, chupa ya mafuta yenye bei, na maji yenye bei, hayo ni biashara, na anayetumia ada ya shule ya watoto wake kuyanunua ameibiwa.

Dhana: Kumhoji mtumishi au kuchunguza muujiza ni kumjaribu Mungu

Ukweli: Yesu aliwaambia wale kumi wenye ukoma, "Enendeni, mkajionyeshe kwa makuhani," yaani kwa watu ambao Torati iliwapa kazi ya kukagua ngozi na kuthibitisha kwamba ugonjwa umekwisha. Hakuogopa ukaguzi. Mwaka 1941 masista wawili wa Lubaga waliambukizwa tauni walipokuwa wakimhudumia mgonjwa, wakaombewa kwa maombezi ya Mashahidi wa Uganda, yaani Karoli Lwanga na wenzake, wakapona. Kupona kwao kulichunguzwa kabla ya kukubaliwa kuwa muujiza, na tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo wa Sita aliwatangaza Mashahidi 22 Wakatoliki kuwa watakatifu. Miaka zaidi ya ishirini ilipita. Muujiza haukuoza kwa kungojea.

Mahali ambapo maswali yamekatazwa, tunajua kilichotokea. Huko Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, wafuasi wa kundi lililoongozwa na Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde waliuza mali zao, wakaishi chini ya amri ya kunyamaza, na wakaahidiwa kwamba dunia ingefika mwisho pamoja na mwaka 1999. Mwaka ulipopita na dunia ikabaki, waliangamia kwa mamia, wengi wao ndani ya jengo lililochomwa moto tarehe 17 Machi 2000.

Dhana: Muujiza ni jambo la kushangaza macho tu

Ukweli: Neno mlokole, yaani mtu aliyeokoka, linalotumika sasa hadi Nairobi na Dar es Salaam, limetoka katika Kiganda na limesambazwa na uamsho wa miaka ya 1930, ulioanzia Gahini nchini Rwanda na kuingia Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, ambako mkutano mkubwa ulifanyika Kabale mwaka 1935. Kilichowafanya majirani wa walokole wa kwanza washangae mara nyingi hakikuwa uponyaji. Watu waliungama hadharani, wakarudisha mali waliyoiba, wakalipa madeni yaliyokuwa yamesahaulika, na watu waliokuwa maadui wakala pamoja. Aliyerudishiwa ng'ombe wake na mwizi aliyekuja kwa miguu yake mwenyewe, mchana kweupe, bila kukamatwa na mtu, hakuhitaji kuelezwa kwamba Mungu amepita pale kijijini.