Jengo refu na nyaya zake: nini kipite wapi

Swali ninaloulizwa zaidi na wenye majengo ni hili: "Mhandisi, tutumie waya wa ngapi?" Wanataka kujua unene. Unene una hesabu yake, na nitaifikia. Lakini jengo likipanda ghorofa saba, nane, kumi, kama yanayojengwa sasa Fumba na Mbweni, mimi huanza na mengine: waya utapita wapi, utashikwa na nini, na siku ya moto utawafanyia nini watu wanaoteremka ngazi gizani.

Wengi wetu hapa Unguja tunasanifu kwa kufuata kanuni za Uingereza, BS 7671, kwa umeme wa volti 230 na 400. Nataja hili kwa sababu wateja hunitumia video za mafundi wa Marekani wakipitisha kebo bapa za plastiki ndani ya kuta za mbao, wakiniuliza kwa nini nasi tusifanye hivyo, mbona ni rahisi. Kanuni za kule hazifanani na zetu, na hata kule kebo hiyo haina ruhusa ya kila jengo: ruhusa inafuata aina ya ujenzi, na kwa miaka mingi nyumba ikizidi ghorofa tatu ilikatazwa. Chicago wamekwenda mbali zaidi, wanadai nyaya zipite ndani ya paipu za chuma. Basi usichukue njia ya mtu ukaacha masharti yake.

Kanuni ninayoishikilia kuliko zote ina historia ya msiba. Aprili 2010 moto uliwaka kwenye fleti moja ya jengo la Shirley Towers, mjini Southampton, Uingereza. Wazimamoto wawili walifariki. Nyaya zilikuwa zimepitishwa juu ndani ya tranki za plastiki, yaani vijisanduku virefu vyenye kifuniko vinavyobandikwa ukutani. Plastiki ikalainika kwa joto, nyaya zikaanguka na kuning'inia, zikawanasa watu waliokuwa wanatambaa ndani ya moshi wasione kitu. Mwaka 2005, jengo la Harrow Court huko Stevenage, wazimamoto walikuwa wamekwisha kufa kwenye moto ambao nao ulihusisha nyaya zilizoanguka. Marekebisho ya BS 7671 ya 2015 yakataka nyaya za njia za kutokea zishikwe kwa namna ambayo hazitaanguka mapema kwa moto. Toleo la 2018 likapanua sharti hilo kwa jengo zima.

Sasa ingia jengo lolote la fleti hapa mjini, tazama juu ukiwa kwenye ngazi. Utaona tranki nyeupe ya plastiki imegundishwa ukutani, mara nyingi juu kabisa ya mlango wa kutokea, na ndani yake waya za taa, kebo za televisheni na za intaneti zimeshindiliwa pamoja. Niliwahi kuivuta moja kwa kidole ikabanduka, kwa sababu ilishikwa na gundi peke yake. Hiyo ndiyo itakayowaangukia watu. Dawa yake haina gharama kubwa: vishikizo vya chuma vilivyofungwa ukutani kwa skrubu za chuma, hata ndani ya tranki hiyo hiyo. Tranki ikiyeyuka, waya unabaki juu. Kebo tai za plastiki, vile vikamba vya kufungia nyaya, hazihesabiki kuwa vishikizo.

Hapa lazima nieleweke vizuri: sina ugomvi na paipu za plastiki zilizozikwa. Paipu iliyolazwa juu ya nondo kabla ya kumwaga zege, au iliyochimbiwa ukutani ikapigwa plasta, haina pa kuangukia, na kwa hewa yetu ya chumvi naipenda kuliko paipu ya chuma, ambayo ikiwa haikupakwa zinki vizuri huanza kutoa kutu kwenye maungio. Sharti langu ni iwe paipu nzito, isiyopasuka mafundi wa zege wakiikanyaga, na ipigwe picha kabla ya zege kumwagwa. Bila ya picha, mtu wa kutundika kabati mwaka ujao atatoboa waya.

Turudi kwenye unene, maana hapa ndipo fedha zinapookolewa kwa njia mbaya. Fundi ana saketi sita za soketi, yaani mizunguko sita ya waya, kila mmoja na breka yake, anazipitisha zote katika paipu moja. Waya wa milimita za mraba 2.5, wenye ala (ganda) ya plastiki ya PVC, ndani ya paipu unabeba ampea 24. Lakini jedwali la kanuni linasema hivyo kwa saketi moja, penye joto la nyuzi 30. Saketi sita zikikaa pamoja zinapashana joto, kwa hiyo unazidisha kwa 0.57. Joto la mahali likiwa nyuzi 35, unazidisha tena kwa 0.94. Zinabaki ampea zisizofika 13. Na breka iliyofungwa pale ni ya 20! Ac zikiwashwa vyumba vyote usiku wa Februari, breka haitaruka, waya ndio utakaopika ala yake, kidogo kidogo, miaka kadhaa, mpaka siku ya shoti. Gawa saketi hizo kwenye paipu tatu na hesabu inabadilika kabisa: mbili kwa paipu ni 0.80, na kwa joto lile lile unapata ampea 18. Hata hapo weka breka ya 16.

Kwenye dakti, lile shimo la wima linalopandisha umeme kutoka chini, naruhusu njia mbili: kebo zenye deraya ya chuma juu ya trei au ngazi za chuma, au basbaa, yaani vipande vinene vya chuma vinavyopitisha umeme ndani ya kasha lake. Kwa jengo la fleti nyingi napendelea basbaa, kwani kila ghorofa inachukua umeme wake hapo hapo na dakti haijai msitu wa kebo. Pima pia volti inayopotea njiani. Kanuni inaruhusu asilimia 3 kwa taa na 5 kwa matumizi mengine. Kwa volti 230 hizo ni 6.9 na 11.5, na mkaazi wa ghorofa ya juu ndiye anayezilipa.

Saketi za uokoaji nazitenga: pampu ya moto, lifti ya wazimamoto, feni za kutoa moshi, kengele. Hizi hupewa kebo zinazohimili moto, zilizopimwa kwa BS 6387, kipimo cha Uingereza cha kebo za namna hiyo, daraja la CWZ: saa tatu kwenye nyuzi 950, kisha majaribio ya maji na ya kugongwa ndani ya moto. Nimeona kebo ya namna hii, ghali kweli, imefungwa kwa klipu za plastiki. Hapo mwenye jengo ametupa fedha zake. Na kwenye ngazi na korido nataka ala isiyo na klorini, kwa sababu PVC ikiungua hutoa moshi mzito na gesi ya asidi, na moshi unaua kabla ya moto kufika.

Nyumba za Mji Mkongwe ni habari nyingine. Kuta za mawe na chokaa zinashika unyevu, dari ni boriti, na kuzichimba mifereji ni kuziharibu. Pale nashauri kebo ya shaba yenye unga wa magnesia ndani, nyembamba, ikafuata pembe za ukuta. Haiungui. Bei yake inauma, lakini kwa nyumba ya boriti sioni mbadala ulio bora.

Jambo la mwisho ni matundu. Kila kebo inapopenya sakafu ya dakti, pembeni yake hubaki uwazi, na uwazi huo ukiachwa ghorofa zote, dakti inakuwa dohani ya jengo. Uzibwe kwa vifaa vya kuzuia moto vilivyopimwa. Mifuko ya saruji na povu la kawaida haviingii hapo. Mara nyingi kazi hii hufanywa vizuri jengo likiwa jipya, kisha anakuja fundi wa intaneti na drili, anatoboa sakafu saba kwa asubuhi moja, anaondoka. Mwenye jengo, weka kufuli kwenye mlango wa dakti, na ufunguo usitoke mpaka ajulikane nani atakayeziba.